Barua ya wazi kwa mkuu wa waamuzi wa basketi mkoani kwetu: zile sekunde tatu tunazihesabuje?

Shikamoo mzee. Nafundisha timu ya mabinti na nakuandikia hapa wazi maana najua makocha wengi wana hili jambo rohoni: ile sheria ya mshambuliaji kutokaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo ndani ya eneo lililochorwa chini ya ringi ya wapinzani.

Jumamosi senta wangu (mchezaji wa karibu na ringi), binti wa miaka 17, kaokota ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya kukosa, chini ya ringi, karusha ikagonga chuma, kaokota tena karusha tena, ikagoma, kaokota ya tatu na hapo hapo filimbi, refa kanyoosha vidole vitatu. Zimebaki sekunde 40 na tuko nyuma pointi moja. Mtoto akanigeukia mikono kiunoni, "kocha, sasa nilitakiwa niukimbie mpira?" Iliniuma sana.

Mzee, kifungu cha 26 cha sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, hakisemi hivyo. Sekunde tatu zinahesabiwa timu yake ikiwa inaumiliki mpira kwenye nusu ya kushambulia na saa inatembea. Mpira ukishamtoka mkononi kwenda golini umiliki umeisha, hesabu imekufa, akidaka ribaundi unaanza upya. Tena sheria inasema anayejitahidi kutoka avumiliwe, na aliyekaa chini ya sekunde tatu akaanza kudribo (kudundisha mpira) ili arushe naye aachiwe.

Gemu hiyo hiyo senta wa wapinzani kaweka kambi mle ndani, mguu mmoja juu ya mstari mwingine nje, nikamuuliza refa kwa heshima kabisa akanijibu "yule ametoka kocha". Hajatoka mzee! Mstari ni sehemu ya eneo, mpaka miguu yote miwili ikanyage nje ndo katoka.

Na nimeshaona beki akipigiwa filimbi kwa kukaa ndani wakati anakaba, hiyo ni ya NBA, ligi ya Marekani, waliianza msimu wa 2001-02, FIBA haipo.

Sisemi waamuzi wanaonea, najua kazi yao ngumu, unaangalia mpira, unaangalia viwiko, halafu uhesabu na miguu ya mtu. Ila kila refa akiwa na hesabu yake mimi mazoezini nawafundisha nini hawa watoto?

Naomba kabla raundi ya pili haijaanza utuite makocha na waamuzi tukae hata masaa mawili, tuangalie video tukubaliane. Za kwangu nimezirekodi kwa simu, ile ya Jumamosi ipo nzima, nitakuja nayo.