Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Halmashauri yetu, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, wazazi wetu na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: itifaki imezingatiwa.

Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kata hii, hapa Dodoma, tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi katika siku hii ambayo imekuwa ikiadhimishwa kila tarehe 10 Oktoba tangu mwaka 1992. Tumekuja na ombi, nalo linahitaji maelezo kabla hatujalitaja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila mwezi tunajaza fomu zetu na kuziwasilisha kituoni, na takwimu zake huingia katika MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Ukitaka kujua ni wangapi walioandikiwa kifafa au sonona, rejesta itakujibu. Ukitaka kujua ni watu wazima wangapi wa kata hii wanaoamka wakiwa wamepumzika, wanaoikabili siku kwa utulivu na kujiona wana manufaa kwa wenzao, hakuna ukurasa utakaokujibu. Tunahesabu maradhi ya waliofika kituoni. Asiyefika tunamchukulia kuwa mzima. Katika mji huu, ambako jina la Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, limegeuzwa kuwa neno la kumkejelia mtu, wasiofika ni wengi.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza kuwa afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala haiishii kwenye kukosekana kwa maradhi. Mwaka 2002 mwanasosholojia wa Marekani Corey Keyes aliandika juu ya watu wanaonawiri na watu walionyong'onyea, akaonyesha kwamba mtu anaweza kukosa ugonjwa wowote wa akili na bado akawa amenyong'onyea. Sisi tunawafahamu watu wa namna hiyo kwa sura. Ni yule mama anayefungua kibanda chake kila asubuhi, anauza, anarudisha chenji sawasawa, anafunga jioni, na kwa miezi mingi hajafurahia chochote. Kinyume chake nacho tumekiona: kijana anayemeza dawa zake za akili bila kukosa, anaimba kwaya na kulea wadogo zake, na uso wake unang'aa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nchi nyingine zimeshapata njia ya kulipima jambo hili kwa umma mzima. Uskoti ilisaidia kuandaliwa kwa kipimo kilichofanyiwa kazi na wataalamu wa vyuo vikuu vya Warwick na Edinburgh, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Kina kauli 14, zote zikizungumzia upande wa uzima: kuwa na matumaini, kufikiri bila mkanganyiko, kuwa karibu na watu, kujiona unapendwa, kuweza kujiamulia mambo yako. Mtu hueleza ni mara ngapi amejisikia hivyo katika wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 1 hadi 5, na jumla yake huwa kati ya 14 na 70. Katika umma wa Uskoti uliopimwa wakati huo, mtu wa katikati alipata 51. Tangu mwaka 2008 kauli hizo zimekuwa sehemu ya utafiti wa afya wa nchi hiyo, na serikali yao inaweza kuuliza kama wananchi wake wananawiri kuliko zamani.

Kinachotuvutia zaidi ni kwamba waandaaji hawakuweka mstari wa kumtenga mgonjwa na mzima. Walikusudia kupima hali ya umma, wala hawakutaka karatasi hiyo igeuke cheti cha kumtia mtu doa.

Kwa mazingira yetu, hata hivyo, tunaona tuanze na kipimo kifupi zaidi cha Shirika la Afya Duniani, ambacho kina maswali matano: furaha na uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, na siku kujaa mambo yanayokugusa. Kila jibu ni alama 0 hadi 5, na jumla huzidishwa kwa 4. Aliyepata 13 anasomeka 52 kati ya 100, hesabu ambayo yeyote kati yetu anaiweza akiwa amesimama mlangoni. Kiswahili chake kimeshafanyiwa utafiti huko Kilifi, pwani ya Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU na wanaoishi na kifafa, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Ni msingi mzuri, ila waliohojiwa walikuwa tayari wakijulikana kwa maradhi yao, na Kiswahili cha pwani si kile kile kinachozungumzwa kwenye kaya tunazozitembelea.

Turuhusu tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo tulipojifunza zaidi. Tuliposomeana maswali haya wenyewe, kisha tukawasomea majirani, neno "starehe" lilituangusha mara ya kwanza. Mzee mmoja alijibu kwa ukali kidogo kwamba yeye si mtu wa starehe, kwa kuwa alifikiria baa na muziki. Tulipouliza kama "moyo wake umetulia", alinyamaza, akavuta kiti, akaanza kuzungumza. "Mambo yanayokuvutia" wengine waliyasikia kama bidhaa za dukani. "Zaidi ya nusu ya muda" iliwachanganya wengi, mpaka mwenzetu mmoja alipotoa punje 14 za maharage, moja kwa kila siku ya wiki mbili, akamwomba mama atenge zile siku alizojisikia vizuri. Mama alitenga punje tano bila kusita. Hatusemi maharage ndiyo kipimo. Tunasema wataalamu watuangalizie kama njia hiyo inaharibu alama au inazisaidia.

Lipo pia suala la adabu yetu. Mswahili akiulizwa habari hujibu "nzuri" kwanza, hata kama amelaza mgonjwa ndani. Yaliyo mazito hufuata baada ya "ila". Mhudumu anayesoma maswali haraka, akiwa amesimama, mbele ya wakwe na watoto, ataondoka na "nzuri" tupu, na takwimu zetu zitapendeza bila kuwa za kweli. Kwa hiyo tunaamini anayeweza kusoma ajijazie mwenyewe karatasi isiyo na jina, na asiyeweza asomewe faraghani na mhudumu ambaye si jirani yake wa karibu. Tunaamini pia kwamba upimaji ufanywe zaidi ya mara moja, kwa kuwa wiki mbili za mwezi Februari, ghala likiwa limekauka, haziwezi kulinganishwa na wiki mbili baada ya mavuno.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba idhini ya Ofisi yako, kwa kufuata taratibu zote za maadili ya utafiti, tuyajaribu maswali haya matano katika mitaa miwili ya kata yetu, mara moja kabla ya mavuno na mara moja baada yake. Tunaomba mtaalamu wa takwimu wa kutusimamia. Tunaomba, na hili tunalisisitiza kuliko yote, muuguzi wa afya ya akili awepo kituoni siku zinazojulikana, kwa kuwa tutakutana na watu watakaotuambia ukweli mzito, na haitakuwa haki kuuandika kisha tukageuka kwenda nyumba inayofuata. Matokeo yatakapopatikana yasomwe kwanza kwenye mikutano ya mitaa hiyo, na yasitumike kushindanisha mtaa na mtaa wala kumlaumu mwenyekiti yeyote.

Kwa upande wetu, wanachama wote tumekubali kufanya kazi hiyo pamoja na ziara zetu za kawaida, na karatasi za majaribio tumeshaziandaa. Nakala moja tunakukabidhi sasa pamoja na risala hii, ikiwa na masahihisho tuliyoyafanya kwa kalamu kila pale jirani alipotuambia kwamba neno hilo halielewi.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.