Somo yangu, mimi si daktari wa mifupa

Minneapolis, Jumapili usiku

Kwako somo yangu,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyofundishwa kuandika tukiwa darasa la tano. Huku theluji imejaa, na kila anayeteleza barabarani naona kama anakuja kwangu.

Habari zako nimezipata. Yaani umekaa kwenye shughuli ya watu ukatangaza kwamba somo yako ni daktari wa mifupa Marekani! Sasa mama anapigiwa simu na Pongwe nzima, huyu kiuno, yule nyonga. Halafu binti wa dada yako naye anataka kusomea nilichosomea mie. Basi kabla familia haijauza kiwanja, nisikilize.

Mimi ni msaidizi wa fiziotherapisti, yule mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Najua huko ukisema msaidizi watu wanamwona mbeba mkoba. Huyo naye tunaye, ni mhudumu tu: anatandika vitanda, anaandaa taulo za moto, anasukuma kiti cha magurudumu, wala hahitaji leseni. Mie nilikaa chuoni miaka miwili, nikapelekwa mahospitalini kufanya kazi huku nikiangaliwa kila hatua, nikafanya mtihani wa nchi nzima, ndipo jimbo likanipa leseni. Kazi yenyewe haina umri mkubwa. Vyuo vya kwanza vilianza mwaka 1967, kimoja Miami na kingine hapahapa Minneapolis, na wahitimu wa mwanzo, watu 15 tu, walitoka mwaka 1969.

Fiziotherapisti ndiye anayempokea mgonjwa, anampima, anaandika mpango na malengo. Mpango ukishaandikwa, mgonjwa anakuwa wangu kwa saa nyingi kuliko anavyokuwa wake. Namfunga mkanda kiunoni ili akiyumba niwe na pa kumshika, namfundisha kushuka kitandani, namtembeza na fremu ya kutembelea au magongo, napima goti limekunjika nyuzi ngapi. Nikiona anahema sana napunguza zoezi, nikiona amepata nguvu naongeza, mradi nisitoke nje ya kilichoandikwa. Kumpima mgonjwa mpya, kubadili lengo, kumwambia mtu umepona nenda nyumbani, hayo si yangu.

Mwanzoni jambo hilo lilinikera. Unamjua mtu mpaka majina ya wajukuu zake, halafu huwezi kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi yake!

Mwaka jana akaja mama mmoja wa Kisomali, mtu mzima, amewekewa goti bandia. Mpango wake ulisema atembee na fremu, apande ngazi, goti likunjike hadi nyuzi 110. Alifanya yote bila moyo, kama mtoto anayemalizia uji. Siku ya nne nikiwa namfunga mkanda nikasema bismillahi, si unajua mdomo wangu. Akaniinulia macho, akaniambia kwa Kiswahili cha Mombasa kisafi kabisa, "Kumbe wewe ni mtu wa kwetu!" Alikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kuja huku. Basi maneno yakamtoka. "Hizi ngazi zenu za nini mwanangu? Kwangu hakuna ngazi. Mimi nataka kusujudu."

Somo, mikono iliniwasha. Natamani nitandike mkeka palepale. Lakini goti lilikuwa halijafika hata nyuzi 90, na kukalia visigino kunataka kama 150, ambazo goti bandia mara nyingi halizifiki. Kidonda nacho kibichi. Na juu ya yote, lengo hilo halikuwa kwenye karatasi. Nikaliandika kwa maneno yake mwenyewe, nikaenda kugonga mlango wa fiziotherapisti. Kaja, kampima upya, kazungumza na aliyempasua, kisha kaandika malengo mengine: kwa sasa aswali kwenye kiti, ajifunze kuinuka bila kusukuma kwa mikono, wiki zikipita, afundishwe kushuka sakafuni na kurudi juu.

Ngazi zikafanywa pia, na safari hii bila kunung'unika. Wiki zilipotimia tukaanza ya sakafuni: mto chini ya goti, stuli pembeni, mguu mzima mbele ndio unaosukuma. Siku aliyoshuka na kuinuka mwenyewe alinicheka, maana mie ndiye niliyekuwa natetemeka na mkanda wake mikononi. Bado anaswali kwenye kiti. Ila mjukuu akidondosha kitu sakafuni hamwiti mtu.

Tangu siku ile mpaka huo wa kazi yangu haunikeri sana. Waliompima mwanzo hawakumsikia akisema anataka kusujudu, kwa sababu hawakukaa naye siku nne.

Kuna siku sifanyi zoezi hata moja. Mtu kaja na kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina joto, kinauma. Hapo nasimamisha kila kitu naita wakubwa, maana huenda damu imeganda, na ikibanduka kwenda mapafuni ni balaa. Mgonjwa atalalamika umemharibia siku yake. Mwache alalamike.

Kinachochosha ni dakika. Bima ya serikali ya wazee inahesabu mafungu ya dakika 15, na tiba isiyofika dakika 8 haihesabiki hata fungu moja. Kwa hiyo unamwinua mtu huku jicho liko kwenye saa. Tena tangu mwaka 2022, kazi ya mikono yangu inalipiwa asilimia 85 ya ile ya fiziotherapisti. Jasho langu limewekewa punguzo, kama kitenge kilichobaki baada ya Idi.

Binti mwambie hivi. Cheti changu si ngazi ya kupandia. Akitaka kuwa fiziotherapisti wa hapa ataanza karibu upya, na wao siku hizi wanasoma mpaka udaktari wa fani yao, kama miaka saba jumla. Akisoma kwenye chuo cha hospitali ya KCMC pale Moshi, anatoka akiwa fiziotherapisti kamili, anapima na kuamua mwenyewe. Aulize huko kwanza. Kama bado roho yake iko kwenye kukaa na wagonjwa, anipigie Jumamosi, nisipokuwa kazini.

Nimesikia mama mkwe wako kiharusi kimemshika upande wa kushoto. Tafadhali somo, asiinuliwe kwa kuvutwa mkono huo. Bega lililolegea huteguka kirahisi, na maumivu yake yatamfuata miezi. Mshikeni kiunoni au mgongoni, ukae upande wake dhaifu, umpe muda ajaribu mwenyewe kwanza. Mkimlaza, mkono usining'inie, uwekeeni mto.

Na hao wa Pongwe wenye viuno vyao, waambie hospitali ya Bombo ipo hapo Tanga. Waende wakapimwe, simu ya mama ipumue.

Nisalimie watoto, na uniwekee ubuyu.

Ni mimi, somo yako.