Barua ya Malalamiko: Mwaloni Mlioukata bila Kibali na Lawama Mnayotaka Niibebe

Aprili 20

Kwa Mkurugenzi,

YAH: KUKATWA KWA MWALONI ULIO CHINI YA AMRI YA KUHIFADHI MITI, BILA KIBALI CHA HALMASHAURI

Ndugu Mkurugenzi,

Nimepokea barua yenu ya tarehe 9 Aprili, ambayo kwa sentensi mbili imenifahamisha kwamba jukumu la kupata kibali cha mipango ni la mwenye mali na kwamba kwa upande wenu shauri hili limefungwa. Kwa heshima zote, shauri hili halijafungwa, na halitafungwa kwa sentensi mbili. Masharti ya kampuni yenu mnayajua kuliko ninavyoyajua mimi, na sheria ya miti ndiyo riziki yenu ya kila siku, kwa hiyo sitawapotezea muda kwa kueleza kazi yenu ni ipi. Nitaeleza mlichofanya.

Tarehe 24 Machi, saa nne kasoro robo asubuhi, nilitoka kwa mlango wa nyuma nikiwa na simu mkononi. Kwenye simu alikuwapo afisa miti wa halmashauri, ambaye jirani yangu alikuwa amemwarifu baada ya kusikia misumeno. Nilimwambia msimamizi wenu kwamba mti huo una amri ya kuhifadhiwa, kwamba halmashauri haijapokea ombi lolote, na kwamba afisa anataka kazi isimame hapo hapo. Msimamizi wenu aliinua kiziba sikio cha upande mmoja, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, tumeshaanza, tuache tumalize." Akakishusha kiziba sikio chake na kumpungia mkono kijana aliyekuwa juu kwenye kamba. Msumeno ukanguruma tena.

Barua yenu haina hata neno moja kuhusu tukio hilo. Badala yake inazungumzia mwenye mali, kana kwamba mimi ndiye niliyepanda juu ya mwaloni nikiwa na msumeno.

Kifungu cha 210 cha Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1990, ambayo ndiyo inayotumika hapa England, hakianzi kwa kumtaja mwenye mali. Kinamtaja mtu yeyote anayekata, kung'oa, kuharibu kwa makusudi, kupunguza kilele au matawi ya mti uliohifadhiwa bila idhini ya halmashauri, na pia yule anayesababisha au kuruhusu kazi hiyo ifanyike. Aliyeshika msumeno ndiye anayetangulia. Mimi ninaweza kuulizwa kama nilisababisha au niliruhusu, na nitajibu bila kujificha, lakini ninyi mtaulizwa kwa nini mlikata. Hamwezi pia kujitetea kwa kusema kwamba hamkujua. Tangu shauri la Halmashauri ya Maidstone la mwaka 1980, mahakama imeshikilia kwamba kutojua kuwapo kwa amri hiyo si utetezi, na katika shauri hilo hilo fundi wa miti alikuwa ameambiwa kwamba ruhusa imeshatolewa. Yeye angalau aliambiwa kwamba ruhusa ipo. Ninyi mliambiwa waziwazi kwamba haipo, na bado mkaendelea.

Sasa nije kwenye karatasi zenu wenyewe. Makadirio ya bei mliyonitumia tarehe 3 Machi yana mistari minne. Mstari wa tatu unasomeka: "Maombi ya kibali kwa halmashauri, tutashughulikia, £180." Fedha hizo zimo ndani ya £1,450 nilizolipa. Afisa miti ameniarifu, nami nimehakikisha mwenyewe, kwamba ombi la kufanyia kazi mti uliohifadhiwa halitozwi ada yoyote na halmashauri. Kwa hiyo nililipa £180 kwa ombi lisilo na ada, na ombi lenyewe halikupelekwa. Ningependa mniandikie kwa mkono wa mtu mwenye jina fedha hizo zilifanya nini.

Hata kama ombi lingepelekwa siku ile ile ya tarehe 3 Machi, halmashauri hupewa wiki 8 za kuamua. Siku 21 baadaye gari lenu lilikuwa langoni kwangu. Kampuni inayojinadi kwa miaka yake mingi katika kazi hii haiwezi kunishawishi kwamba hakuna mtu ofisini aliyejua kuhesabu wiki.

Asubuhi hiyo hiyo, saa mbili, kabla hawajateremsha vifaa, nilikuwa nimemwomba msimamizi wenu anionyeshe kibali. Nilipaswa kulitaja hili mapema, lakini hasira haifuati mpangilio. Alinijibu kwamba kiko ofisini na kwamba nisiwe na wasiwasi. Nilimwamini, kwa sababu mstari wa tatu wa makadirio ulikuwa mbele ya macho yangu na nilikuwa nimeulipia. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, katika kifungu cha 50, inasema kwamba maneno ambayo mtoa huduma amemwambia au kumwandikia mteja, na mteja akayategemea katika kuamua, yanakuwa sehemu ya mkataba. Kifungu cha 49 kinawataka mfanye kazi kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, na kifungu cha 57 hakiwaruhusu kujivua wajibu huo kwa maandishi madogo nyuma ya ankara. Kwa hiyo sharti lenu namba 11, mlilolinukuu kwa kujiamini ili kunitwika mimi jukumu la kibali, halina nguvu mnayoipa, hasa linapopingana na mstari ambao ninyi wenyewe mliutoza fedha.

Tarehe 30 Machi mtumishi wa ofisi yenu alinipigia simu na kuja na hoja mpya: kwamba mti ulikuwa hatari na kazi ilikuwa ya dharura. Hoja hiyo haikuwamo kwenye makadirio, haikutamkwa na msimamizi wenu, wala haimo kwenye barua yenu ya tarehe 9 Aprili, kwa hiyo nadhani nanyi mmeona kwamba haisimami. Kanuni za Uhifadhi wa Miti za mwaka 2012 zinaruhusu kazi bila kibali pale tu inapohitajika haraka ili kuondoa hatari ya madhara makubwa iliyo mlangoni, na kwa kiwango kile tu kinachoiondoa hatari hiyo, kisha halmashauri ijulishwe kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Hakuna taarifa mliyoandika. Na dharura gani inayopangiwa tarehe wiki 3 kabla?

Isitoshe, tulichokubaliana kilikuwa kufupisha matawi mawili yaliyoinamia paa, kila moja kwa mita 2. Nendeni mkatazame kilichobaki. Kilele chote hakipo. Shina limesimama kama nguzo ya umeme, na juu yake kuna vidonda vitatu vyeupe vilivyo vipana kama sinia, vikitoa maji kila mvua inaponyesha. Kigogo kimoja mlikiacha kimelalia tuta langu la maua na bado kipo, na sitakiondoa hadi afisa miti amalize kukipiga picha. Mti si lazima ufe ndipo ihesabiwe kwamba umeharibiwa: mahakama hutazama kama umejeruhiwa kiasi cha kutobaki na thamani ya kuhifadhiwa. Tofauti hiyo mnaijua, kwa sababu mtu anayepatikana na hatia ya kuharibu mti wa namna hiyo hukabiliwa na faini isiyo na ukomo, ilhali kazi ndogo zaidi isiyo na kibali ukomo wake ni £2,500.

Narudi kwenye saa ile, kwa sababu ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo.

Simu yangu ilikuwa kwenye spika. Afisa miti alijitambulisha kwa cheo chake na kusema mwenyewe, kwa sauti yake, "Mti huo umehifadhiwa, tafadhali simamisheni kazi sasa hivi." Kijana aliyekuwa kwenye mashine ya kusaga matawi aliisikia sauti hiyo, akaizima mashine. Yule aliyekuwa juu kwenye kamba alizima msumeno wake na kutazama chini, akingoja. Kwa muda huo ua wangu ulikuwa kimya kabisa, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba kelele ziliwazuia kusikia. Vijana wenu wawili walielewa na wakasimama. Aliyeamuru kazi iendelee ni msimamizi, mtu mliyemkabidhi jina la kampuni. Alinitazama usoni, akasema yale maneno ya "tuache tumalize," akashusha kiziba sikio mbele yangu kama mtu anayefunga dirisha, kisha akamwashiria kijana kwa mkono. Hukumu ya mti wenye umri mkubwa kuliko nyumba yangu ilitolewa kwa mkono mmoja. Tawi kuu lilianguka likatikisa ardhi hadi vyombo vya jikoni vikalia. Afisa miti akaniuliza kwenye simu, "Hicho ni nini?" Nikamjibu, "Ndio mti wenyewe."

Nilipojaribu kuongea tena na msimamizi wenu, aliniambia nirudi ndani kwa usalama wangu. Nikiwa nyumbani kwangu, kwenye ua wangu, nikitetea mti ambao sheria itanidai mimi.

Na hapa ndipo penye uchungu mkubwa kuliko wote. Chini ya kifungu cha 206, mti uliohifadhiwa ukiharibiwa kinyume cha sheria, wajibu wa kupanda mwingine wa ukubwa na aina inayofaa mahali pale pale humwangukia mwenye ardhi, hata kama hakushika shoka. Mkandarasi huondoka na gari lake, na mwenye ardhi hubaki na shimo la kuchimba, mche wa kununua, na miaka ya kuumwagilia na kuutunza. Nisipotekeleza, halmashauri inaweza kunilazimisha kwa hati. Wajibu huo siukatai, kwa sababu ardhi ni yangu na kivuli cha mwaloni ule kilikuwa cha mtaa mzima. Ninachokataa ni ninyi kuuchukua wajibu huo wa kupanda na kuugeuza pazia la kufichia kosa lenu la kukata. Ni mambo mawili, na barua yenu imeyachanganya kwa makusudi.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimekusudia kuomba nirudishiwe £1,450 na kuombwa radhi tu. Nimeisoma tena barua yenu katikati ya kuandika, na hilo halinitoshi tena. Nataka nirudishiwe fedha zote, pamoja na zile £180 zikielezwa peke yake. Nataka mgharimie kwa ukamilifu mti mbadala ambao halmashauri itauagiza, kuupanda, na kuutunza hadi ushike, kazi ifanywe na kampuni nyingine nitakayoichagua mimi, kwa maana watu wenu hawatakanyaga tena kwangu. Nataka mlipe gharama za wakili ambaye mmenilazimisha kumtafuta. Na zaidi ya yote, nataka maelezo ya maandishi yaliyotiwa saini na msimamizi wenu, yanayokiri kwamba aliambiwa kuhusu amri ya kuhifadhi mti na akaamuru kazi iendelee.

Maelezo hayo nayataka yafike halmashauri kabla ya tarehe 6 Mei, siku ambayo nimeitwa kuhojiwa chini ya onyo, yaani nikionywa kwanza kwamba nitakayosema yanaweza kutumika kama ushahidi, kama mshukiwa. Katika maisha yangu yote sijawahi kuitwa mshukiwa wa kitu chochote. Najua mahakama haipendi mtu ahamishie mwenzake faini yake ya jinai baada ya hukumu, na ndiyo sababu sitasubiri hukumu. Ukweli wa nani aliamuru unatakiwa uwe mezani mapema.

Mna siku 14, yaani hadi tarehe 4 Mei. Baada ya hapo nitafungua madai katika mahakama ya kaunti, na kwa kuwa madai yangu hayatazidi £10,000 yanaweza kusikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, bila ninyi kunitisha kwa gharama. Nitawasilisha makadirio yenu yenye mstari wa tatu, ankara, picha, na kumbukumbu ya simu inayoonyesha dakika niliyokuwa nikizungumza na halmashauri. Jirani yangu, aliyeona yote akiwa dirishani juu, ameshakubali kutoa ushahidi. Chama cha kitaaluma ambacho nembo yake mmeibandika kwenye gari lenu kitapata nakala ya kila karatasi, na bima yenu ya dhima vilevile, kwa sababu nashuku hamjawaarifu.

Msinipigie tena simu. Tarehe 30 Machi nilisikiliza kwa dakika 20 nikifundishwa na mtumishi wenu kwamba "sheria inamtazama mwenye ardhi," na nilipomuuliza kuhusu msimamizi aliyeshusha kiziba sikio, alinyamaza kisha akasema atalifuatilia. Hajalifuatilia. Kuanzia leo nitapokea maandishi tu, na yawe na jina na cheo cha anayeandika.

Salio la £90 mnalonidai kwa "kuondoa matawi" sitalilipa. Matawi bado yako kwangu.

Wenu katika kungoja majibu,

Mteja wenu na mmiliki wa nyumba

Nakala: Afisa miti, idara ya mipango ya halmashauri
Nakala: Wakili wangu