Anayevuja damu asifike kwetu siku ya nne

Mhariri,

Magazeti huandika habari za mimba za kutolewa mtu anapokamatwa au anapokufa. Kati ya mimba kutolewa na hayo huwa kuna siku tatu au nne zisizoandikwa, na ndizo zinazoamua kama mwanamke atapona. Sisi wakunga na matabibu tunaomba nafasi tuzieleze.

Tuanze na sheria, maana inatajwa sana na kusomwa kidogo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ni ya tangu 1945. Kifungu cha 150 kinamtishia anayetoa mimba kinyume cha sheria kifungo cha miaka 14, cha 151 kinamtishia mwanamke mwenyewe miaka 7, na cha 152 kinamtishia anayetoa dawa au vifaa miaka 3. Kifungu cha 230 kinamlinda anayempasua mama kwa nia njema na kwa ujuzi unaostahili ili kuokoa maisha yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokataza kumtibu mwanamke ambaye mimba imekwisha kuharibika, iwe imetoka yenyewe au imetolewa.

Lakini yeye hajui hivyo, na wapo wenzetu wa kazi wasiojua pia. Damu inaanza Jumatatu, anakuja Alhamisi. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zaidi ya 405,000 zilitolewa nchini. Wanawake wapatao 66,600 walitibiwa madhara yake. Karibu 100,000 wengine walipata madhara wasipate matibabu.

Siku hizo zina maana gani mwilini? Mimba ikitoka, kizazi hujikaza kama ngumi, na kukaza huko ndiko kunakobana mishipa damu ikome. Masalia yakibaki ndani, ngumi haifungi. Pedi mbili kubwa zikilowa chepechepe ndani ya saa moja, na saa ya pili vilevile, asingoje kupambazuke. Halafu masalia hayo hayapitiwi tena na damu, kwa hiyo antibayotiki haiyafikii vizuri. Vidonge vya duka la dawa vinaweza kushusha homa kidogo, akadhani anapona. Homa ikipita nyuzi 38, uchafu ukatoka na harufu mbaya, tumbo likawa gumu, hapo anahitaji dripu, antibayotiki za mshipa na kusafishwa kizazi bila kuchelewa. Siku ya kwanza ilikuwa kazi ya kituo cha afya. Siku ya nne tunahangaikia gari la rufaa na chupa za damu.

Na kusafisha mapema si kazi kubwa. Kizazi ambacho hakijafikia ukubwa wa mimba ya wiki 13 hakihitaji chumba cha upasuaji wala umeme. Linatosha bomba la mkono la plastiki la mililita 60, mirija yake ya milimita 4 hadi 12, na sindano ya ganzi pembeni ya shingo ya kizazi. Mkunga aliyefunzwa huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Kijiko cha chuma cha kukwangulia Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kiachwe, maana hutoboa na huacha makovu, na bado kuna mahali kinatumika.

Jambo linalotuuma zaidi ni mapokezi. "Nimeteleza bafuni," mwanamke anasema. Akiulizwa kwa sauti ya askari, atarudia hilohilo hadi mwisho. Kumbe aliingiziwa kijiti cha muhogo kilichotoka shambani na udongo wake, na udongoni ndiko viliko vijidudu vya pepopunda. Asiposema, hakuna atakayekumbuka kumkinga. Kijiti hicho pia huweza kutoboa kizazi na kugusa utumbo. Huyo haifai kumsafisha kwa bomba na kumruhusu, anatakiwa apasuliwe tumbo.

Anayenunua vidonge vya kutoa mimba kwa siri ana hatari yake nyingine. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haitolewi na vidonge hivyo. Atatokwa na damu kidogo, ataamini yamekwisha, huku mrija wa uzazi unapasuka na damu inamwagikia ndani. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, na maumivu ya ncha ya bega yanayotokana na damu kugusa kiwambo kilicho chini ya mapafu: hapo ni kukimbilia hospitali. Angekuja bila hofu, angepimwa kabla.

Ridhaa ya kutibiwa ni ya mwanamke mwenyewe. Kumngoja mume wa mtu mzima aje atie saini huku damu inavuja ni mazoea mabaya. Vivyo hivyo uzazi wa mpango: mimba nyingine yaweza kuingia ndani ya wiki 2, basi aelezwe na apewe anachochagua kabla hajaondoka, ila matibabu yasiwekewe sharti hilo.

Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inataka mimba iweze kutolewa kitabibu kwa aliyebakwa, kwa mimba ya maharimu, na pale afya ya mwili au akili ya mama inapokuwa hatarini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliichapisha katika gazeti lake la serikali Machi 2018 ili itumike. Kwetu Kanuni ya Adhabu haijaguswa kuhusu hilo, na msichana aliyebakwa anaachiwa kijiti cha muhogo. Tunataka Bunge liirekebishe.

Wakati tunangoja, Wizara ya Afya ichapishe ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: kwamba kutibu mimba iliyoharibika ni halali, kifungu cha 230 kinasema nini, na dalili za hatari ni zipi. Ubandikwe kwenye maduka ya dawa na mapokezi ya kila zahanati, mahali anaposimama mwanamke kabla hajaulizwa jina.

Wakunga na matabibu,
Mwanza