Bima hailipi taa zilizofifia

Mhariri,

Wenye magari wengi hudhani bima kubwa (inayolipia pia gari lako mwenyewe) italipia kung'arisha taa za mbele zilizofifia. Kwa kawaida hailipi, kwani huo ni uchakavu, si ajali. Taa ikipasuka kwa kugongwa ndipo unadai. Bima ndogo, inayolipia hasara ya watu wengine tu, haigusi gari lako kabisa.

Basi kwa kuwa fedha ni yako, msimamie fundi. Azibe rangi ya pembeni kwa tepu ya karatasi, apige msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 3000, apake polishi, amalizie na vanishi ya kukinga miale ya jua. Wengi huiruka vanishi, au husugua dawa ya meno tu! Plastiki isiyo na kinga hurudi kuwa njano upesi. Ukungu ukiwa ndani ya taa, msasa hausaidii.

Fundi wa magari,
Dar es Salaam