Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vitabu, Mahudhurio na Ada

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama wa chama chetu cha wasomaji hapa Tanga: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi.

Katiba inanitaka nieleze kazi za mwaka mzima. Nyingi mnazijua kwa kuwa mlikuwepo, kwa hiyo nitazipitia mbio ili nipate nafasi ya yale yaliyotugawa.

Tumekaa vikao 11 ukihesabu huu wa leo. Cha Aprili kilivunjwa na mvua. Vitabu tulivyosoma ni saba. Wanachama ni 34. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwaka mzima tulipaswa kukusanya 1,224,000. Zilizoingia ni 675,000. Tulianza mwaka na salio la 41,500. Tumenunua nakala 31 kwa 412,000, ukumbi umekula 110,000, chai na vitumbua 138,000. Zilizobaki ni 56,500. Mhazini anazo stakabadhi zote, anayetaka kuziona amfuate.

Januari na Februari tulikuwa na mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kazi ya Mohamed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Maoni yalikuwa mazuri na sina la kuongeza sana. Nguvu ya kitabu iko mahali maiti alipookotwa. Mahali pakiwa pa mzimu, kila mtu ana jibu tayari na hakuna anayejisumbua kuangalia nyayo. Mwandishi anautumia uvivu huo wa fikra kuficha ushahidi mbele ya macho ya msomaji. Waliopotea njiani walipotea kwa sababu moja: hawakuandika majina. Riwaya ya upelelezi isomwe na karatasi pembeni, kila mhusika anapotokea mara ya kwanza aandikwe jina, nasaba yake, na alipokuwa siku ya tukio. Waliofanya hivyo walimshuku mtu sahihi kabla ya Bwana Msa kuwasha kiko chake cha mwisho.

Machi tulisoma Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mwaka 1858 wa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kwa binti yake. Hapa nitasimama kidogo, maana kikao kile kilikuwa cha mafunzo. Wengi walilalamika kwamba mizani, yaani hesabu ya silabi, haitimii. Chukueni ubeti wenyewe: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asa ukazingatia." Kila kipande kina mizani nane. Aliyepata saba katika kipande cha kwanza alisoma "binti" kwa mapigo mawili. Ni matatu: bi-n-ti, ile n inasimama peke yake. Lakini katika "wangu" sauti ng imeshikana na u, haihesabiwi mbali. Na m ya "mchachefu" nayo ni mizani kamili. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne ndicho kinachobeba bahari, ile -ia inayorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Ukishalishika hilo, Kiamu, lahaja ya Lamu, hakikutishi tena. "Upulike" utajua ni usikie na "neno lema" ni neno jema, kwa sababu pigo linakusukuma mbele. Kuhusu maudhui, akina mama walitofautiana vikali juu ya utii kwa mume, na maoni yangu ni kwamba waliousoma kama amri tupu hawakuona sauti ya mgonjwa anayeharakisha kusema kabla hajaondoka.

Mei tulisoma Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Shaaban Robert ni mtu wetu, wa hapa hapa Tanga, na Kiswahili chake ni kisafi. Lakini anayetaka tarehe, mikataba na majina ya nyimbo hatashiba. Kitabu kinamjenga Siti kama kielelezo cha tabia njema, hadi muuza vyungu wa Fumba aliyefika Bombay kurekodi santuri anakaribia kupotea nyuma ya sifa.

Juni ilikuwa zamu ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Kikao kimoja hakikutosha na kosa la ratiba ni la kamati. Yasmin na Denge wanabeba hadithi, ila kwa macho yangu Mwajuma ndiye kiumbe hai kuliko wote. Chumba chake cha Ng'ambo, kule Unguja, unakisikia harufu. Inspekta Wright kwa upande mwingine ni bapa, anatoka na anaingia kama mlango. Nakala tatu za kitabu hiki hazijarudi hadi leo.

Julai, Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Hadithi inaanzia Tanga, na mahudhurio yalifika 27, ya pili kwa ukubwa mwaka huu. Lugha ni tamu kama halua. Sadfa ni nyingi mno: Kongowea anaposafiri Kenya kumtafuta baba yake, watu wanakutana pale tu mwandishi anapowahitaji. Hilo nililisema kwenye kikao na nalirudia.

Sasa nije kwenye Nagona.

Ndugu wanachama, mkutano mkuu uliopita ulipiga kura kwamba Agosti tusome Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba. Kamati chini yangu ikaiondoa na kuweka Nagona ya Euphrase Kezilahabi kwa miezi miwili. Tangu hapo nimeambiwa nimewanyang'anya wanachama kura yao, na kwamba nawatafutia watu kitabu cha chuo kikuu ili nionekane msomi. Maneno hayo yamesemwa kwenye kundi letu la WhatsApp na mengine yamesemwa mlangoni baada ya kikao, ambako hayakuweza kujibiwa. Nayajibu hapa, na naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Kwanza, Ibara ya 9 ya katiba yetu inasema kitabu kisisomwe kama hakuna nakala moja kwa kila wanachama wanne. Sisi ni 34, kwa hiyo zinahitajika tisa. Kufikia mwanzoni mwa Julai tulikuwa tumepita maduka ya vitabu na wauza vitabu vya mtumba, tumepata Kikosi cha Kisasi tatu, moja ikiwa haina kurasa za mwisho. Kitabu cha taharuki kisicho na mwisho hakiwezi kugawiwa mtu. Pendekezo la kudurufu nililikataa mimi mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na chama cha wasomaji kinachoiba kazi za waandishi kitawaheshimu vipi? Nagona zilikuwa tisa kamili. Kamati ilikuwa na mamlaka.

Pili, ilani. Ilitoka siku 12 kabla ya kikao badala ya siku 21. Hilo ni kweli na ni upungufu wetu. Lakini Nagona ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa 70. Mwenye nia angekisoma mara mbili katika siku hizo.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, ni madai kwamba kitabu "hakisomeki". Kinasomeka. Kilichoshindikana ni namna ya kukisoma. Wengi walikuwa na Rosa Mistika, riwaya ya awali ya Kezilahabi huyo huyo, kichwani: msichana ana jina, ana baba mkali, ana kisiwa cha Ukerewe chenye ramani, jambo linazaa jambo. Wakaifungua Nagona wakitafuta vitu hivyo hivyo. Msimulizi ni "mimi" tu. Mahali hapana ramani. Wakati haujapangwa foleni. Msomaji akifika ukurasa wa kumi bila kujua nani kamfanyia nani nini, anafunga kitabu na kumlaumu mwenyekiti.

Kuna waliokwama pengine kabisa. Walipowakuta wanafalsafa kama Plato na Nietzsche ndani ya riwaya ya Kiswahili, wakaacha hadithi wakaenda kuwasoma hao kwenye simu, wakarudi kikaoni wakibishana juu ya Ugiriki na Ujerumani. Wengine walitaka ufunguo mmoja: paa, yule mnyama wa kitabuni, ni nani? Ni ukweli? Ni uhuru? Ni Mungu? Wakichagua moja wanalikuta linavunjika kurasa tano mbele. Paa huyo anawindwa. Kitabu kinaonyesha mbio, na kila anayedhani amemkamata ndiye anayetakiwa aendelee kukimbia. Ndivyo ninavyokielewa mimi, na sijasikia hoja ya kunibadilisha.

Niliandaa karatasi ya hatua na ikasambazwa bure. Nazirudia kwa ambao hawakuichukua. Gawa kitabu mafungu manne. Soma fungu la kwanza kwa mkao mmoja, kwa sauti ya kadiri, bila kalamu na bila kurudi nyuma, maana Kezilahabi ni mshairi na sentensi zake zinashikwa na sikio kabla ya akili. Siku ya pili rudia fungu lile lile na kalamu ya risasi, pigia mstari vitu tu: paa, ukimya, duara, ngoma. Usiandike maana. Andika namba ya ukurasa kila kinaporudi. Ukimaliza mafungu yote utakuwa na orodha ya marudio, na ndipo uulize kila kitu kimebadilika nini kati ya kutokea kwa kwanza na kwa mwisho. Hapo tu ndipo Ngoma Kuu inaacha kuwa vurugu na unaona kila kilichotajwa kimeitwa uwanjani. Wanafalsafa waachwe mwisho kabisa. Saa moja kwa siku, siku nane, kazi imekwisha.

Wanachama wanane waliokuja Septemba walifuata hatua hizo wote. Kikao kilipangwa kichukue muda wa saa mbili, kikachukua saa tatu na nusu, na hakuna aliyeondoka. Mama mmoja mwalimu wa msingi alionyesha jinsi ukimya wa watu mwanzoni mwa kitabu unavyogeuka kelele mwishoni, akisoma namba za kurasa kutoka kwenye daftari lake. Hicho ndicho kikao bora kabisa tulichopata mwaka huu, nasema bila kusita. Waliokikosa wamekikosa.

Ndiyo, walikuwa wanane. Nisomeni mahudhurio: Januari 29, Februari 26, Machi 22, Mei 20, Juni 24, Julai 27, Agosti 19, Septemba 8, Oktoba 14, Novemba 17. Akidi yetu ni 12, kwa hiyo Septemba hatukuweza hata kupitisha matumizi ya chai na nikaitoa mfukoni, 11,000, ambayo sijaidai. Imesemwa Nagona imekimbiza watu. Lakini Machi na Mei, kabla ya Nagona, tulishashuka. Na kati ya 11 waliokuja Agosti wasionekane Septemba, saba walikuwa na deni la ada la zaidi ya miezi minne. Kitabu kimebebeshwa mzigo usio wake.

Kuhusu ada zenyewe: waliolipa kamili ni 13, jumla 468,000. Waliolipa nusunusu ni 12, jumla 207,000. Tisa hawakutoa hata senti, na miongoni mwao wamo wawili wenye nakala za chama nyumbani. Malimbikizo ni 549,000. Kwa bei tuliyonunulia mwaka huu, hizo ni nakala zaidi ya 40. Tungekuwa nazo mkononi mapema, tungeagiza vitabu Dar es Salaam mwezi wa tano na pengine mgogoro huu wa Agosti usingekuwepo. Shilingi 3,000 ni soda chache tu kwa mwezi, jamani.

Oktoba na Novemba zilituliza mambo. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, tuliisoma kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Mazungumzo yamekaa kana kwamba yalizaliwa kwa Kiswahili, na kwa hakika yalizaliwa hivyo, Kiingereza kiliyaazima tu. Masimulizi ya safari ya bara yana sehemu nzito zinazotaka pumzi. Kilichowafungua wengi ni shati. Yusuf, kijana aliyetolewa na baba yake kufidia deni, anakimbia mikono ya mke wa tajiri na shati lake linachanika kwa nyuma. Waliohifadhi Sura ya Yusuf katika Kurani waliruka kwenye viti. Kanzu iliyochanwa kwa nyuma ndiyo ushahidi wa asiye na hatia. Ila Yusuf wa Gurnah anaishia kuwakimbilia askari wa Wadachi, yaani Wajerumani. Hapo ndipo kitabu kinapouma, na ndipo kinapostahili kusomwa mara ya pili.

Mwakani tunatarajia kupata kabati lenye kufuli, inshallah, na kuwavuta vijana wa sekondari wenye hamu. Kikosi cha Kisasi kitasomwa pindi nakala zikipatikana. Kufikirika ya Shaaban Robert nayo imependekezwa. Yupo mwanachama aliyegusia kumwalika mwandishi mmoja, tutaona hali ya mfuko itakavyoruhusu.

Orodha ya wadaiwa imebandikwa ukutani kando ya mlango. Mhazini atakaa meza ya nyuma hadi saa saba mchana kupokea ada, na katibu atapokea zile Vuta N'kuvute tatu hata kama majalada yamechanika.

Mwenyekiti
Tanga