Kabla hujanunua: siku mbili na kamera ndogo na lenzi moja isiyovuta

Swali tunaloulizwa dukani karibu kila siku ni "kamera ipi nzuri?" Kwa picha za kila siku, yaani watoto nyumbani, maulidi ya mtaani, soko la Darajani, jioni ya Forodhani hapa Zanzibar, sisi huanza kujibu kutokea kwenye lenzi. Bodi za kamera ndogo zisizo na kioo ndani, hizi watu wanaziita mirolesi, zimeshatosha siku nyingi. Sony a6000 ya mwaka 2014 ina megapikseli 24, na picha yake ukiichapa kwenye karatasi ya A3 inatoka safi kabisa. Wateja wanaojuta huwa wamekwama kwenye mambo mawili: wamebaki na lenzi iliyokuja ndani ya boksi wakadhani kamera ndiyo mbovu, au wamenunua lenzi ya praimu, yaani isiyovuta, kwa kuisikia ikisifiwa, wakaifikisha nyumbani na kukuta sebule haina nafasi ya kurudi nyuma.

Ndiyo maana tunakodisha bodi moja na lenzi moja kwa siku mbili, na ukinunua, pesa ya kukodi tunaitoa kwenye bei. Lenzi ni moja kwa makusudi. Ukipewa tatu utashinda unabadilisha, vumbi litaingia kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), na utarudi hujui ipi inakufaa.

Unachopata, na unachotoa

Lenzi ya boksi kwa kawaida ni 16–50mm au 15–45mm. Tundu lake la kupitishia mwanga ni f/3.5 ikiwa imepanuka, na ukiivuta linasinyaa hadi f/5.6 au dogo zaidi (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Barazani saa mbili za usiku, chini ya taa moja, mwanga huo hautoshi. Praimu ya f/1.8 inapitisha mwanga takriban mara kumi ya ule wa f/5.6. Kwa kasi ileile ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), lenzi ya boksi itadai ISO 6400, yaani kamera ijilazimishe kuhisi mwanga zaidi, na praimu itakwenda na ISO 640. Itazame ngozi ya uso uone tofauti: kwenye ISO 6400 kuna chengachenga na rangi imepauka, kwenye ISO 640 ngozi imebaki na rangi yake.

Unachotoa ni uwezo wa kuvuta. Ukitaka karibu, unasogea kwa miguu. Na tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayotoka kali ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Lenzi ya 35mm kwenye f/1.8, ukiwa mita 1 kutoka usoni, inakupa kama sentimita 6 tu. Jicho la karibu linakuwa kali na sikio limeshafifia. Watu wawili wakikaa mmoja mbele kidogo ya mwenzake, mmoja atapotea. Kwa wawili nenda f/2.8 au f/4, hata kama ulilipia f/1.8.

Uzito nao uangalie. Canon EF-M 22mm f/2 ina gramu 105, Fujifilm XF 35mm f/2 ina 170, Sigma 30mm f/1.4 ina 265. Hiyo ya Sigma inatoa picha nzuri sana, ila kwenye bodi ndogo mzigo unalalia mbele na mfuko wa suruali hauiwezi tena.

Umbali ndio unaoamua

Namba iliyoandikwa kwenye lenzi haitoshi, lazima uizidishe kwa kadiri ya ukubwa wa sensa ndipo upate namba ya kulinganishia lenzi zote; ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi. Kwenye bodi ndogo za Sony, Fujifilm na Nikon zidisha kwa 1.5, za Canon kwa 1.6, Olympus na Panasonic kwa 2. Hivyo 23mm ya Fujifilm, 22mm ya Canon na 17mm ya Olympus zote zinaangukia karibu na 35. Ile 35mm ya Sony na 25mm ya Panasonic zinafika kwenye 50. Ile 56mm ya Sigma na 45mm ya Olympus zinaingia kwenye eneo la 85 hadi 90.

Sasa chukua futi ya fundi uende nayo nyumbani. Ili mtu mzima aingie mzima kwenye picha ya kusimama, na nafasi kidogo juu na chini, lenzi ya jamii ya 35 inakutaka usimame kama mita 2 kutoka kwake. Ya jamii ya 50 inataka mita 2.8. Ya jamii ya 85 inataka karibu mita 4.7. Ukiwa sebuleni mgongo umeshafika ukutani, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe huna pa kurudi nyuma. Kwa watu waliokaa mkekani wamepangana, ukiwa mita 3, ile ya 50 inakamata upana wa mita 2.1 na ile ya 35 mita 3.1. Tofauti hiyo ni ya watu wawili kukatwa au kuingia.

Kama umezoea kupiga kwa simu, jua kwamba kamera kuu ya simu nyingi iko kwenye 24 hadi 26, pana kuliko zote hizi. Ukishika 50 siku ya kwanza utahisi umebanwa, na wengi hurudisha lenzi nzuri kwa sababu hiyo tu. Ipe siku ya pili. Na kama tayari una kamera yenye lenzi ya boksi, fungua taarifa za picha mia moja ulizopiga karibuni uone ni milimita ngapi zinajirudia. Hiyo ndiyo praimu yako, na huenda huna haja ya kukodi chochote.

Kabla hujatoka nayo, ikague

Maelezo haya ni ya kwetu na ya popote utakaponunua kamera iliyotumika.

Anza na fangasi, kwa sababu hewa ya pwani mara nyingi ina unyevu unaozidi asilimia 70 na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi miezi sita haisalimiki. Vua lenzi, washa tochi ya simu, uimulike kutokea nyuma huku ukitazama kupitia mbele kwa kuinamisha kidogo, usipigwe na mwanga machoni. Vumbi ni vinukta. Kila lenzi iliyotumika inavyo na kwenye picha havionekani. Fangasi ni nyuzi nyembamba zenye matawi, kama mizizi ya mche uliong'olewa, na mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo kwenda katikati. Ukungu ni wingu jepesi la kijivu, na dalili yake ni kwamba ukipiga kuelekea dirishani picha nzima inapauka. Ukiona nyuzi, iache. Kusafisha kunahitaji kufungua lenzi yote, na fangasi ikishakula rangi ya kinga ya kioo, alama haitoki.

Kisha sensa. Weka f/16, ISO ya chini kabisa, fokasi (mlengo wa ukali) ya mkono kwenye mbali kabisa, upige ukuta mweupe au anga tupu. Kila doa la kijivu lenye kingo laini ni vumbi la sensa, nalo mara nyingi linatoka kwa pampu ya mpira ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yakiingia umeongeza kazi. Halafu funika lenzi na kifuniko chake, upige picha ya sekunde 10 kwenye ISO 800 na kipunguza chengachenga kikiwa kimezimwa. Nukta nyekundu, buluu au nyeupe mbili tatu ni kawaida. Zikiwa zimetapakaa uwanja mzima, bei ishuke au uondoke.

Mwisho, pembe nne za lenzi. Simama sawa mbele ya ukuta wa matofali, kamera kwenye tripodi, piga kwenye f/2.8 na kuza kila pembe kwenye skrini. Pembe moja ikififia kuliko tatu zote, geuza kamera juu chini upige tena. Ufifiaji ukibaki pembe ileile ya picha, kioo ndani kimekaa upande, labda lenzi iliwahi kuanguka. Ukihama, wewe hukusimama sawa, rudia.

Kuna mambo yanayotisha bure. Sigma 30mm f/2.8 DN na Fujifilm XF 90mm zinagongagonga ndani kamera ikizimwa, kwa sababu mota yao huachia vioo umeme ukikatika. Pete ya fokasi ya lenzi nyingi za kamera hizi haina nguvu mpaka kamera iwashwe. Panasonic 20mm f/1.7 ni nzito kukamata fokasi tangu ikiwa mpya, na Fujifilm XF 35mm f/1.4 ina kelele. Hayo ni maumbile yao.

Na yanayofichika ni haya. Kamera za Sony zilizotengenezwa kuuzwa Japani kwa kawaida zina menyu ya Kijapani peke yake, kwa hiyo ingia kwenye orodha ya lugha kabla ya kulipa. Canon imeachana na mfululizo wa EOS M. Lenzi zake za EF-M hazihamii kwenye bodi mpya za RF kama R50. Zinapiga picha vizuri na bei yake imeshuka, ila nunua ukijua utakuwa nazo humo humo.

Siku ya pili, katika mwanga wetu

Saa sita mchana, f/1.8 kwenye ISO 100 inataka shata ya 1/8000. Bodi nyingi ndogo zinaishia 1/4000, na picha inatoka nyeupe watu wakalaumu lenzi. Funga tundu hadi f/2.8 au f/4, au fungia filta nyeusi ya ND8.

Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe kando ya ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unatoka gizani. Ongeza fidia ya mwanga +0.7 hadi +1, uangalie uso kwanza na kanzu baadaye. Kinyume chake, uso wa ngozi nyeusi ukijaa picha nzima kwenye kivuli, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi inageuka kijivu. Punguza –0.3 hadi –0.7, rangi itarudi.

Usiku Forodhani, zima shata ya kimya kwa kamera zilizo nayo. Umeme wetu ni wa Hz 50, taa nyingi za LED zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata hiyo inasoma picha mstari kwa mstari, hivyo utapata michirizi ya giza. Tumia shata ya kawaida kwa 1/50 au 1/100. Mchomaji mishikaki anayekaa mahali pamoja ataganda kwenye 1/100. Mtoto anayekimbia anataka 1/500.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa. Ukiitoa papo hapo, kioo kitavaa jasho, na jasho likiingia ndani ndipo fangasi inapoanzia. Nyumbani ihifadhi kwenye boksi la plastiki linaloziba vizuri pamoja na vifuko vya silika. Mchele usiuweke, una vumbi la wanga.

Siku ya kurudisha, njoo na kadi bila kufuta picha hata moja, hasa mbovu. Tunakaa nawe tukizipitia, kwa sababu kila picha iliyoharibika ina chanzo chake. Kila kitu kikiwa kimeburuzika upande mmoja, mkono ulitikisika. Ukuta ukiwa mkali na mtoto amefifia, shata ilikuwa ya polepole. Sikio likiwa kali na jicho limefifia, fokasi ilidaka pasipostahili, na hapo tunakuonyesha jinsi ya kuwasha fokasi ya jicho au kuchagua nukta moja mwenyewe. Picha zikiwa kali lakini miguu imekatwa, au umepiga watu wengi kutokea mlangoni, tunakupa ile ya jamii ya 35 badala ya 50 kwa siku mbili nyingine.